Karanga za Mheshimiwa Jaji

Barua imeingia leo kutoka ofisi ya bima inayonilipa hapa Marekani, inauliza kama bado mimi ni mlemavu. Kuna visanduku vitatu vya kuweka tiki: afya imepata nafuu, iko vile vile, au imezidi kuharibika. Mimi, sajenti mzima wa jeshi la Marekani (hilo neno "mzima" lisije likatumika kama ushahidi), nimekaa na kalamu saa nzima natafuta kisanduku cha nne. Goti limechakaa, jamani! Tangu lini gegedu ikachipua upya kama kisamvu?

Mlioko huku mnazijua hizi ofisi mbili zinazolipa walemavu. Ya majeruhi wa jeshi (VA) inakupima kwa asilimia, kama bucha. Mgongo wangu 40, goti 20, mlio wa masikio 10. Mwalimu wangu wa darasa la tatu kule Newala angesema 70. Wao wakapata 60. Eti ukishatoa mgongo anabaki mtu wa asilimia 60, na goti linahesabiwa kwa huyo aliyebaki, basi ni 12. Sikio nalo kwenye mabaki ya mabaki, likatoka kama 5. Jumla 57, wakanionea huruma wakaisogeza. Mpaka leo sijui huyo mtu aliyebaki anaishi wapi na kwa nini hachangii kodi ya nyumba.

Ofisi ya pili, iliyoniletea barua, ni ya bima ile tunayokatwa kwenye mishahara (Social Security). Hiyo haina asilimia: ama kazi unaweza, ama huwezi. Na kwa kanuni ya 2017, uamuzi wa wenzao wa jeshi hauwafungi. Wakaninyima mara mbili, nikafika mbele ya jaji mwaka 2022.

Nilivaa suti. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu wa suti anakaa wima. Kiti kilikuwa cha mbao: nikitulia naonekana mzima, nikijigeuzageuza naonekana mwigizaji. Jaji akamwuliza mtaalamu wa ajira, aliyekuwa kwenye spika ya simu: tuchukulie mtu wa umri wa bwana huyu, hawezi kunyanyua zaidi ya ratili 10, anahitaji kazi ya kukaa. Je, ipo?

"Ipo," sauti ikajibu papo hapo. "Kuchambua karanga."

Nikadhani ni masikio yangu ya asilimia 10. Nikainua mkono. "Mheshimiwa, karanga zipi? Hizi za kawaida au na korosho?"

Wakili akanipiga teke chini ya meza. Akalipata goti lile lile, la 20 au la 12, inategemea unamwuliza nani.

Lakini ningenyamazaje? Bibi yangu alibangua korosho maisha yake yote, mafuta ya maganda yakamla vidole, kaupinda mgongo mkekani tangu alfajiri. Nimevuka bahari, nimetambaa chini ya malori Afghanistan, halafu serikali inanirudisha kwenye ungo wa bibi!

Wakili akauliza karanga hizo zinachambuliwa mji gani. Sauti ikasema kazi imo kitabuni, kwenye orodha ya kazi ya serikali. Kitabu kimesahihishwa lini? 1991. Mwaka huo mimi nilikuwa bado nakojoa kitandani.

"Na kama mtu huyu kila saa lazima ajinyooshe sakafuni dakika kumi?" wakili akaendelea.

Simu ikakohoa. "Hapo kazi hakuna."

Karanga zote za Marekani zikaisha pale pale, nikashinda. Mwaka 2024 wenyewe wakaacha kutumia kazi 114 za kitabu hicho kilichochakaa. Mimi hata pole sikuletewa.

Shemeji kapiga simu juzi: "Shem, nasikia unalipwa mara mbili kwa mgongo mmoja." Kweli, zote mbili zinaingia kamili, moja haipunguzi nyingine, na fidia ya jeshi haikatwi kodi. Ila ukitamka hayo, sentensi inayofuata ina pikipiki. Jirani yangu hapa katumikia jeshi miaka 20, ana asilimia 40, na fidia yake inamegwa dola kwa dola kutoka kwenye pensheni yake ya jeshi. Huyo hana shemeji anayempigia.

Basi nimeiacha fomu, nikaenda jikoni kujituliza na ule mkebe wa karanga mchanganyiko, bei yake ya siku hizi tusiitaje. Nafungua: korosho zote zimeondoka! Zimebaki karanga na lozi mbili. Kijana wangu wa miaka kumi amelala kwenye kochi, chali kabisa, mgongo umenyooka, anatafuna. Nimemwuliza nani kachambua. Anasema hajui, pengine ni mama.