Calgary hewa ndiyo inakausha nywele, Bukavu tunazikausha wenyewe

Nywele zetu za kipilipili hazina ugonjwa. Naanza na hilo kwa sababu nimekulia Bukavu, mashariki mwa Kongo, na sasa naishi Calgary, na kote kuwili nimezisikia zikisemwa vibaya: eti ni ngumu, hazishiki maji, hazikui. Huku Kanada ukavu una sababu inayoeleweka, nayo ni hewa. Kwetu hewa inazipenda nywele hizi karibu mwaka mzima, na bado wanawake wengi ninaowajua zinawakatikia chanuo likipita tu. Hilo linaniuma.

Calgary iko juu, zaidi ya mita 1,000, mashariki mwa milima ya Rocky, na mvua yake ni haba. Majira ya baridi ndiyo yenye kazi. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 21, ule mvuke kidogo iliyokuja nao haufiki hata asilimia 10 ya ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba. Pumzi za watu, sufuria jikoni na nguo zilizoanikwa ndani huongeza kidogo, lakini hewa inabaki na kiu, na kiu hiyo inaimaliza kwenye midomo yako, ngozi ya mikono yako na nywele zako. Ukivua kofia ya sufu unasikia cheche. Na maji ya bomba yanatoka mito ya Bow na Elbow, inayoshuka kutoka milima ya mawe ya chokaa. Birika linajenga ukoko mweupe ndani, na chokaa hiyohiyo inabaki kwenye unywele kila unapoosha.

Wazungu ninaofanya nao kazi wanalalamikia hewa hiyohiyo, lakini mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteleza moja kwa moja juu ya unywele ulionyooka mpaka nchani. Wetu umejizungusha, na mafuta hayashuki mizunguko yote hiyo. Yanabaki karibu na mzizi, na ncha, ambazo ndizo kongwe kuliko sehemu nyingine yoyote, zinakaa bila kinga. Tena kila pindo ni mahali ambapo magamba madogo yanayoufunika unywele huinuka kidogo, maji yakatoka kwa urahisi, na hapohapo ndipo unapokatika. Umbile ndilo hilo. Linataka utunzaji wake, basi.

Jambo ambalo ningependa kila mama wa Kadutu, mtaa wa kwetu Bukavu, alijue ni kwamba mafuta hayaleti unyevu. Maji ndiyo unyevu. Unywele unaweza kunywa maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, na kazi ya mafuta ni kuyachelewesha yasitoke. Ukipaka mafuta ya mgando juu ya nywele kavu, umeufungia ukavu ndani na kuyafungia maji nje. Zinang'aa mchana ule, jioni zimeshika vumbi, kesho zinalia zikichanwa.

Huku najitunza hivi. Naosha jioni, siyo asubuhi, kwa sababu ukitoka nje na nywele mbichi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri maji yanaganda ndani yake na zinakuwa vijiti. Nazigawa mafungu zikiwa bado zinadondoka maji, naanza kuchana nchani nikipanda taratibu kuelekea mzizini, napaka krimu, kisha mafuta, nasokota kila fungu na kulifunga. Usiku nafunga fulari ya satini, maana pamba ya mto hunyonya. Kofia yangu ya sufu nimeishonea satini ndani. Baada ya hapo siziamshi tena siku kadhaa. Nazinyunyizia maji kidogo, nagusa ncha kwa mafuta, nafunga.

Bukavu ni habari nyingine kabisa. Mji uko kama mita 1,500 juu ya bahari, joto halichomi, Ziwa Kivu liko miguuni, na mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Ni Juni, Julai na Agosti tu ambapo vumbi linapanda na midomo inapasuka. Chukua gliserini ya kawaida, ile ya farmasi. Ni kitu kinachovuta maji kutoka hewani na kuyashikilia. Calgary mwezi wa Januari hewa haina maji ya kuvutwa, kwa hiyo gliserini haina inachokipata. Kule kwetu mwezi wa Novemba, kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, ukitikisa na kunyunyiza, nywele zinabaki laini hadi kesho yake. Wanawake wa hapa wananunua chupa za bei ya kutisha kutafuta kile ambacho mawingu ya Bukavu yanatoa bure.

Na mvua yenyewe! Maji yanayoshuka kutoka paa hayana chokaa. Tulikuwa tukiweka bidoni na mabeseni chini ya mabati kwa sababu bomba linakauka siku nyingi, tukiona ni shida, na kweli ni shida. Lakini kwa nywele hakuna maji bora kuliko yale. Ya ziwa ni tofauti. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana ualkali, kinyume cha uchachu, kipimo chake cha pH ni karibu 9, na ualkali huyainua yale magamba ya unywele. Anayeosha ziwani nywele zake zinabaki na ukakasi. Asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mvua, na akiwa na limau akamue kidogo ndani yake, nywele zake zitatulia.

Sasa niseme juu ya mise. Mafuta haya tunayaona ya kizamani, ya watoto wachanga na ya wazee wa Uvira na Fizi. Kokwa za mchikichi zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa, na mafuta yanaenguliwa juu, ya kahawia nzito, yenye harufu ya kitu kilichoungua kidogo. Ile harufu ndiyo inayowafanya wasichana wakunje pua. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, ileile inayoyapa mafuta ya nazi sifa duniani kote, na ni miongoni mwa mafuta machache yenye uwezo wa kuingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Chupa yangu iko hapa kabatini. Baridi ya nyumba imeyagandisha, nayachota kwa mpini wa kijiko, nayasugua kati ya viganja mpaka yayeyuke, ndipo nayapitisha kwenye ncha. Hata Bukavu asubuhi huganda, kwa hiyo akikuuzia mtu mise iliyoganda usimgombeze. Avokado ninayoona vijana wakijipaka kichwani, hiyo afadhali waile. Nyama yake haiingii kwenye unywele, inabaki punje punje ambazo utazitoa siku mbili.

Kwa hiyo tuna hewa, tuna mvua, tuna mise. Nywele zinakauka kwa nini?

Nenda saluni yoyote siku ya Jumamosi kabla ya sikukuu. Mtoto anakalishwa kati ya magoti. Nywele ni kavu kabisa, kwa sababu msusi anasema nywele mbichi zinateleza kwenye meshi, zile nywele bandia za kusukia, na zitanuka zikisukwa. Kitana cha meno membamba kinaanzia mzizini kwenda chini, kinakusanya mafundo yote mahali pamoja, na kinavutwa. Unasikia kabisa nywele zinavyokatika. Mtoto analia, anaambiwa avumilie, urembo una bei yake. Kisha mistari inavutwa mpaka ngozi ya paji inapanda, na meshi inachovywa kwenye maji ya moto nchani. Miezi miwili hazipati tone la maji. Zikifumuliwa, nywele za pembeni zimerudi nyuma, na mama anasema, unaona, nywele zake hazikui. Zimekua. Zimevunjwa kwa kasi ileile zilizokua.

Sina kisa na wasusi wetu. Ni mafundi ambao huku hatuwapati, na tukiwapata tunawalipa bei ya chakula cha nyumba nzima kwa wiki. Nikiwaza nilichokikosa zaidi ni mikono: yaya, dada yangu mkubwa, akinisuka kwa uzi mweusi uani, majirani wakipita na kuchangia maneno, chai ikipoa pembeni. Calgary najisuka peke yangu mbele ya kioo, mabega yakiuma. Kama ile mikono ingepewa chupa ya maji na dakika kumi za kulowesha kabla ya kuanza, Bukavu ingekuwa na nywele nzuri kuliko mji wowote niliouona.

Halafu kuna defriza, dawa ya kunyoosha nywele. Ile dawa ina pH ya zaidi ya 12, na kazi yake ni kuvunja viungo vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Baada yake unywele unapoteza maji haraka zaidi, kwa hiyo anayekimbia ukavu kwa defriza anaukimbilia. Tena si nywele tu. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya Marekani ya afya ya mazingira, waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11, walikuta kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Kwetu kopo lilelile linawekwa kichwani mwa msichana anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza.

Kuna atakayesema, Bukavu ilishikwa na waasi wa M23 Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, watu wanatafuta unga, na wewe unaandika nywele. Naandika kwa sababu ninapoongea na nyumbani ndivyo tunavyoongea. Vita vipo, na jioni mtoto bado anahitaji kusukwa, na mama anayemsuka anataka asimuumize. Ushauri wa kununua chupa kutoka nje hauna maana kwake, ila maji ya mvua yapo.

Mdogo wangu ananiomba nimtumie krimu za Kanada kwa binti yake. Nimemtumia pesa ya gliserini, chupa ya kunyunyizia na fulari ya satini, vyote anavipata Kadutu, na mise ataipata kwa mama yeyote mwenye ndugu Uvira. Lowesha kwanza, nimemwambia, uchane kuanzia nchani kwa vidole kabla ya chanuo, paka mise nywele zikiwa bado mbichi, suka mistari mikubwa bila kuvuta paji, na kila baada ya siku mbili umnyunyizie. Meshi isubiri mpaka mtoto akue.