Kwanza Amua Mama Atakaa Wapi, Ndipo Ufunge Rejeta

Kwetu Tanga rejeta ni ya gari. Ukisema rejeta yako imevuja, mtu atakuuliza umekwama wapi. Huku Uingereza rejeta ni lile bapa jeupe la chuma lililofungwa ukutani, boila inalisukumia maji ya moto, na miezi sita ya mwaka ndilo linaloamua kama nyumbani mnakaa au mnavumilia tu.

Tulipokarabati sebule mwaka juzi nilihangaika na rangi, soketi na mbao za sakafu. Rejeta sikuiwazia. Fundi bomba aliniuliza mara moja: "Tuiache palepale?" Palepale ni ukuta wa ndani, karibu na mlango. Nikamwambia iache, kuhamisha ni pesa. Na siku hiyo sakafu ilikuwa imefunuliwa, mabomba yote yako wazi. Kuyarefusha mita tatu ilikuwa kazi ya alasiri moja. Wiki iliyofuata mbao zikapigiliwa, zikapakwa vanishi, na ile alasiri moja ikageuka kuwa kubomoa upya.

Kisha kochi likaja, na ukuta pekee ulioweza kulipokea ni uleule wenye rejeta.

Kila mtu anajua kwamba kochi linazuia joto. Kilichonichelewesha kuelewa ni vali, kile kifungo cha pembeni ya rejeta kinachofungua na kufunga maji ya moto. Hizi zenye kichwa cha namba hupima hewa iliyo jirani nazo, basi. Nyuma ya kochi hewa inapata moto haraka, vali inaona chumba kimeshakolea joto, inajifunga. Mgongo wa kochi unaungua na sisi tumevaa masweta.

Desemba mama akaja. Nikampa kiti cha heshima, pale dirishani, autazame mtaa. Hakumaliza kikombe cha chai. "Mwanangu, huku kuna upepo wa miguuni." Nikasema madirisha yote yamefungwa. Nikapitisha mkono kwenye kila ufa mbele yake, sikupata kitu, nikajisemea moyoni kwamba ni ugeni tu, atazoea.

Mama alikuwa sahihi. Nyumba yetu ni ya enzi za Malkia Victoria na dirisha la mbele bado ni la kioo kimoja. Hewa ya chumba ikigusa kioo hicho inapoa, inakuwa nzito, inateremka kama maji na kutambaa sakafuni. Rejeta ikiwa mwisho wa pili wa chumba ndiyo inazidisha mambo: kule hewa moto inapanda, huku ya baridi inashuka kwenda kujaza nafasi yake, na mama yuko katikati ya njia, kajifunga khanga mbili. Upepo ulikuwepo kweli, ila ulizaliwa humohumo ndani.

Ndiyo maana mafundi wa zamani waliweka rejeta chini ya dirisha. Mimi nilikuwa nawacheka: moto unauwekaje mlangoni pa baridi? Kumbe joto linalopanda pale linaikuta baridi kabla haijagusa sakafu. Kuna joto linalopotelea kiooni na ukutani, sikatai, hasa kuta hizi za matofali zisizo na uwazi katikati. Nyuma ya rejeta bandika angalau karatasi ya kung'aa inayorudisha joto. Lakini hasara hiyo mimi naikubali kuliko kuwa na sebule inayokalika nusu.

Kwenye dirisha la vioo viwili hoja hii inapungua nguvu sana. Chumba chetu cha nyuma kina dirisha la aina hiyo, rejeta iko ukuta wa ndani, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo anayekwambia "chini ya dirisha siku zote" na anayekwambia "hiyo ni mila ya kizamani", wote wawili waulize kwanza kama wamekiona kioo chako.

Halafu kuna ukubwa. Kwa England, tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi zinataka mfumo mpya wa kupasha joto upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Rejeta iliyopimwa kwa maji ya moto zaidi, ikaandikwa wati 1,500, ikipewa maji ya nyuzi 55 hutoa takriban nusu ya hizo. Yaani unahitaji bapa kubwa zaidi, na bapa kubwa linataka ukuta mtupu. Zile ndefu za kusimama zinapendeza kwenye picha, lakini kwa bei yake napata ya kulala yenye nguvu zaidi, na chini ya dirisha hakuna kabati linaloigombea nafasi.

Basi mwezi uliopita tumefunua mbao tena. Safari hii kabla fundi hajaja nilichora sakafuni kwa chaki: kochi hapa, meza ya televisheni pale, kiti cha mama dirishani. Fundi alisimama akaitazama michoro ile, akauliza kama tunacheza rede.

Rejeta mpya iko chini ya dirisha, fupi kwenda juu, ndefu kwenda pembeni. Mama anarudi Novemba. Limebaki pazia: linafika sakafuni, na likifungwa usiku linaifunika rejeta yote, joto linakwenda kulala na kioo. Nimesema likatwe liishie juu ya rejeta. Mke wangu anasema pazia lile alilishona mwenyewe, na mkasi hautaligusa.