Ramani ya kromosomu kufanana si ushahidi

Kuiga mkunjo wa kromosomu kwa kompyuta kumekuwa rahisi mno. Ukiwa na vigezo vya kutosha vya kuchezea, utapata ramani ya miguso, yaani ya mara ngapi vipande vya DNA hugusana, inayofanana na ya maabara hata kama utaratibu uliouweka haumo kabisa ndani ya seli. Kwa maoni yangu, modeli ya vitanzi, inayosema DNA hukunjwa kwa kuvutwa kuwa vitanzi, isiaminiwe kabla haijavunjwa: toa sehemu moja, namba nyingine ziache palepale, kisha tazama inatabiri nini.

Msingi wake ni mwepesi. Kohesini, mashine ya protini, hukamata DNA na kuivuta, kitanzi kinakua mpaka ing'oke au izuiwe na protini ya CTCF, ambayo huzuia vizuri ikiwa tu imeelekea upande kohesini inakotokea. Katika uigaji, DNA huwa polima, yaani mnyororo wa shanga, na shanga moja hubeba jozi 600 hivi za besi. Kipande cha jozi milioni 30 kinahitaji shanga 50,000. Kohesini moja kwa kila jozi 120,000 zinafanya kohesini 250. Kila moja ina miguu miwili inayopiga hatua kwenye mnyororo, na miguu hiyo inaunganishwa kwa springi. Ikidondoka, nyingine inapandikizwa mahali pa kubahatisha.

Makosa huanzia kwenye saa. Miguu ikikimbia kuliko polima inavyoweza kutulia, vitanzi vinavutika kama kamba iliyokazwa na miguso unayohesabu ni ya uongo. Fremu za mwanzo, yaani picha za kwanza za uigaji, zitupwe. Bado zinakumbuka umbo ulilozipa shanga. Na mnyororo usiuache peke yake katika uwazi mtupu, maana ndani ya kiini kuna msongamano.

Kosa linalonikera zaidi ni kuifanya CTCF kuwa ukuta. Hudumu kwenye DNA kwa dakika chache tu, kohesini kwa takriban dakika 20. Vipimo vya 2022 katika seli shina za panya, kwenye eneo la jeni Fbn2, vilionyesha kitanzi kamili kipo asilimia 3 hadi 6 tu ya muda. Doa jeusi linaloonyesha kitanzi kwenye ramani ni wastani wa mamilioni ya seli. Anayelisoma kama fundo la kudumu ataongeza nguvu ya kizuizi hadi doa lifanane, na kila kitu kingine kitapinda.

Kuna namba nyingine ambayo wengi huipita kimya. Modeli nyingi hutumia vitanzi vya jozi 120,000 hadi 240,000. Ukigawa kwa dakika 20 ambazo kohesini hukaa kwenye DNA unapata besi 100 hadi 200 kwa sekunde. Nje ya seli, kohesini imeonekana ikivuta besi 500 hadi 1,000 kwa sekunde. Pengo hilo linahitaji maelezo: nyukleosomu (vifundo vya DNA iliyozungushwa kwenye protini), migongano, vikwazo vya unakili wa jeni.

Sasa vunja. Kohesini ikiondolewa, vitanzi vitoweke na utengano wa kromatini (DNA pamoja na protini zake) hai na iliyolala ukazike zaidi, kama ilivyoonekana mwaka 2017. WAPL, protini inayong'oa kohesini kwenye DNA, ikiondolewa, refusha muda wa kohesini tu, vitanzi virefuke. CTCF ikiondolewa, mipaka ififie, lakini mchoro wa uwezekano wa mguso dhidi ya umbali ubaki karibu vilevile. Ukiporomoka, basi kwenye modeli yako CTCF ndiyo iliyokuwa ikikunja DNA.