Betri ya kauri, tuianzie Magadi

Tangu bodaboda za umeme zizoeleke Nairobi, gumzo la betri ni bei na kilomita. Mimi kinachonishughulisha ni ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme: zinapita wapi humo ndani?

Kwenye betri ya kawaida ya lithiamu zinapita katika umajimaji unaoshika moto. Kuweka kitu kigumu mahali pake si wazo la jana. Miaka ya 1830 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliona salfidi ya fedha (metali ya fedha iliyoungana na salfa) ikipitisha umeme vizuri inapopashwa moto. Shida imekuwa kupata kigumu kinachopitisha ayoni bila kupashwa. Mwaka 2011 Ryoji Kanno na wenzake, Japani, walitangaza elektroliti (kipitisha ayoni) ngumu ya salfidi iliyofikia milisimensi 12 kwa sentimita, kipimo cha upitishaji, sawa na umajimaji. Ila ina jemaniamu, madini ghali, na salfidi za aina hiyo zikiguswa na unyevu hutoa gesi ya sumu.

Kwa hiyo mimi nasimama na NASICON, kauri inayopitisha ayoni za sodiamu badala ya lithiamu, iliyotangazwa 1976. Inahitaji sodiamu, zirkoniamu, silika na fosfeti. Magadi, yenye sodiamu, tunayo, na imechimbwa kwa zaidi ya karne moja. Mchanga wa Kwale ulitoa zirkoni, yenye zirkoniamu na silika kwa pamoja, nayo tukaisafirisha nje miaka yote hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Hilo linaniuma.

Ikitengenezwa vizuri, NASICON hufikia takriban milisimensi 1 kwa sentimita kwenye joto la kawaida. Ni kidogo, lakini ugumu wa kuitengeneza unafundishika. Unga unasagwa, unashindiliwa kuwa kidonge, kisha unachomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi. Ukizidisha moto, sodiamu inatoroka kama mvuke. Ndiyo maana huongezwa kidogo tangu mwanzo. Ukipunguza, kidonge kinabaki na matundu. Hata kikiiva, ayoni zinazoteleza ndani ya chembe za kauri hukwama mpakani, chembe inapokutana na nyingine. Kukipima kidonge kwa mkondo geu (AC) wa masafa (frequency) tofauti ndiko kunakotenganisha kikwazo cha ndani ya chembe na cha mpakani, mpimaji akajua arekebishe tanuri au mchanganyiko.

Tanuri, mashine ya kushindilia na kifaa cha kupima kwa mkondo huo si vifaa vya mabilioni. Idara moja ya kemia hapa jijini iwape wanafunzi wa uzamili magadi iliyosafishwa, wachome vidonge, wavipime kuanzia nyuzi 25 hadi 80. Upitishaji hupanda na joto, na betri ya boda iliyoanikwa Thika Road saa nane mchana haiko kwenye nyuzi 25.