Msimuulize Bibi Kama Anawajua

Kila Idi, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama pale Ngamiani, Tanga, wageni humfanyia mtihani. Mtu anavua viatu mlangoni, anaingia, anamwinamia bibi kwenye mkeka wake, na shikamoo haijaitikiwa bado keshamkodolea macho: "Bibi, unanijua? Mimi nani? Hebu nitaje!" Sebule nzima kimya, inasubiri. Akipatia, anapigiwa makofi kama mtoto aliyesimama dede. Akikosa, watu wanatazamana, na hakosekani wa kunong'ona, "Bibi kashakwisha huyu." Bibi anamsikia vizuri sana, maana masikio yake ni mazima.

Mimi mtihani huo siutaki, na naomba ukomeshwe kwetu na kwenu pia.

Bibi mwenyewe alishautolea majibu. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa ukoo, katoka Dar es Salaam alfajiri na tiketi ya kurudi jioni anayo mfukoni. Akamuuliza mara tatu, "Bibi, mimi nani?" Bibi akamtazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. "Kwani wewe mwenyewe hujijui?" Kijana akacheka, akazidi kung'ang'ania. Bibi akamwambia, "Basi kamuulize mama yako, ndiye aliyekuwapo." Mama mdogo alimwaga chai kwa kucheka. Bibi wala hakutabasamu, alivuta ushungi wake, akamalizia na ile ya mji wetu: "Tanga hii, waja leo waondoka leo."

Kusahau anasahau, sibishi. Lakini utani haujamtoka hata chembe.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na utani huo una taratibu zake. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi. Wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo kwa bibi ni mke mwenza. Mimi nilitangazwa mke mdogo siku niliyozaliwa, na vita vilianza siku hiyo hiyo. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Akirudi kazini na halua kwenye karatasi, hunikabidhi mimi mbele ya bibi: "Mke mdogo kwanza." Bibi hasemi kitu. Kesho yake mchana jiko halitoi moshi. Babu akiuliza chakula anajibiwa, "Kamuulize aliyekula halua." Kuna siku mgomo ule ulifika magharibi, na babu akalazimika kwenda dukani kununua doti ya kanga ndipo sufuria likateremshwa kutoka rafuni. Nakumbuka bibi alivyoikunjua ile kanga, akaisoma jina lake polepole, akainusa, kisha akauliza kama mke mdogo naye kanunuliwa.

Hizo kanga zake zina sanduku lake, na ndani kuna za zamani zenye chapa ya Mombasa, K.H.E., Mali ya Abdulla. Mdogo wangu alipojua kusoma, hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyoisoma. Mbio hadi barazani kwa babu: bibi kavaa nguo ya mzee Abdulla! Babu akakunja uso, akaita kwa sauti mpaka majirani wakasikia, "Wewe mwanamke, Abdulla ni nani?" Bibi alikuwa uani anaanua nguo. Hakugeuka hata shingo. "Ndiye anayenivisha."

Babu alifariki mwaka 2011. Bibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya kile chumba chenye dirisha la mbao linalotazama uani. Nilipoingia kumpa pole tulilia wote kwa muda mrefu. Kisha akajifuta machozi, akanitazama kwa jicho la pembeni: "Mke mwenzangu, halua tulikula wawili, tena wewe zaidi. Mbona eda nimeachiwa peke yangu?"

Ugonjwa ulianza miaka kadhaa baadaye, kwa vitu vidogo. Mchuzi unatiwa chumvi mara mbili. Funguo zinaonekana ndani ya mtungi. Watu wakasema uzee, wengine wakasema mambo ya watu. Daktari akasema dementia, maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu, na nashukuru alilitaja jina lake, kwa sababu ukilijua jina unaacha kumgombeza mgonjwa. Ziko dementia za aina nyingi, inayoongoza ni Alzheimer, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba haya si mambo ya kawaida ya kuzeeka. Mara nyingi huanza kupotea ya leo, ya zamani yakabaki. Ndiyo maana bibi hajui kama amekunywa chai, lakini anakusimulia jinsi nyuki walivyowavamia askari wa Mwingereza walioletwa kutoka India kuipiga Tanga, Novemba 1914. Yeye alikuwa hajazaliwa, ni habari aliyopewa na mama yake, na akifika kwenye nyuki anavuma kabisa, vuuu, huku anakupiga piga mgongoni na ncha ya kanga.

Na mikono yake haijasahau. Mpe mbuzi na nazi iliyovunjwa uone. Anaketi upande, anakishika kifuu kwa viganja viwili, anakizungusha kidogo kidogo, na nazi inaanguka nyeupe kwenye sinia, laini kama unga. Nikipokea mimi anainamisha kichwa kusikiliza. Anasikiliza sauti ya meno ya mbuzi! Ikibadilika tu ananikamata mkono: "Umefika kwenye kifuu, unataka tui jeusi?" Jina langu asubuhi hiyo lilikuwa limempotea. Makosa yangu ya jikoni aliyajua yote.

Sasa niseme linaloniuma. Bibi huuliza habari za babu. Siku moja mjomba wangu, kwa nia njema kabisa, alimwambia ukweli: mama, baba alishafariki, miaka mingi. Bibi alipigwa na habari ile kama imeletwa mlangoni dakika hiyo. Aliuliza amezikwa wapi. Aliuliza kwa nini hakuitwa. Alilia mpaka sauti ikakauka, sisi tumesimama tu, hatuna la kufanya. Baada ya saa moja alinyamaza, akajitengeneza ushungi, akauliza kama babu amerudi kazini.

Tangu siku ile mimi simrekebishi. Najua wapo wanaosema huo ni uongo, na kumdanganya mzee ni dhambi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Akiniuliza kama babu amekula, namwambia ameshakula. Na kweli alikula, maisha yake yote alikula kwa mkono wa mwanamke huyu. Kumfisha mume wake mara mbili kwa siku ili tu mimi niwe nimesema kweli, hiyo siiwezi.

Na wewe unayekuja Idi, usimuulize anakujua au hakujui. Kaa chini, mpe mkono, jitaje mwenyewe: shikamoo bibi, ni mimi fulani, mtoto wa fulani. Kisha mchokoze. Mwambie umekuja kumposa. Atakuuliza mahari.

Mara ya mwisho nilimkuta barazani, jua la alasiri limemfikia miguuni. Nikamwamkia, nikajitaja. Akaitikia marahaba kwa adabu zote, kama anayemwitikia mpita njia. Nikaketi, nikamsogezea miguu kivulini. Tulikaa hivyo kitambo. Mara akanisogelea sikioni.

"Yule mume wetu kala?"

"Kala, bibi."

"Kala nini?"

"Wali wa nazi na samaki."

Akafikiri. "Nani kapika?"

"Nimepika mimi."

Akanishika mkono, akautazama mgongoni na kiganjani, kisha akaupapasa taratibu kwa huruma nyingi.

"Masikini," akasema. "Kalala njaa."