Foleni ya choo iliyonifikisha kwa Mickey

Jamani naombeni msinicheke, au chekeni tu, ndugu zangu wa Tanga wameshacheka mwezi mzima.

Nilienda Marekani kumtembelea mdogo wangu, anaishi Florida, akasema dada Jumamosi twende Orlando kwenye bustani ya michezo. Mi na miaka yangu 47 nikajisemea haya ya kupiga picha na watu waliojivika midoli ni ya watoto. Sasa joto la kule mwezi wa saba ni Tanga kabisa, unatoka jasho umekaa, basi nikanywa juisi ya limau ya barafu glasi tatu, na glasi zao ni ndoo.

Mdogo wangu na wifi wakaenda kupanda vile vitreni vya kupigisha watu mayowe, mi nikabaki na mtoto wao wa miaka sita. Kibofu kikaanza kupiga hodi. Nikaona foleni ndefu, wamama na watoto, wanaingia mlango mmoja familia moja moja halafu hawarudi, na ndani kuna AC, nikasema choo hiki hapa, wazungu bwana, hata choo wamekiwekea mlango wa kutokea. Nikamuuliza mtoto, ndo hapa? Akasema ndiyo shangazi, macho yanamng'aa. Nikashangaa mtoto gani anafurahia choo hivi, ila nani alikuwa na muda wa kuchunguza.

Dakika 40, miguu nimeipinda kama mkasi. Mlango ukafunguliwa, nikaingia mbio, namkuta Mickey, yule panya wa katuni, kasimama kanifungulia mikono.

Nifanyeje? Panya huyu kaanza kuonekana kwenye sinema 1928, kanizidi mbali, nikampa shikamoo yake. Kimya. Nikajua mzee ana dharau, kumbe wale wa kuvaa kichwa kikubwa hawasemi, ni ishara tu. Akanikumbatia, akanikaza tumbo, we acha! Nikaanza kurukaruka mguu huu mguu ule, yeye akadhani nacheza, naye akaanza, mguu huu mguu ule, mkono kiunoni, dada anayemsaidia anapiga makofi, mpiga picha anafyatua, mtoto anashangilia. Kadiri ninavyobanwa ndivyo ngoma inavyonoga. Kiingereza chote kimenikimbia, nikachuchumaa nimwonyeshe. Na yeye akachuchumaa!

Mwisho nikapiga kelele toileti! toileti! Akasimama wima, akaziba mdomo na ile glavu yake ya vidole vinne, akaninyooshea njia, mlango ule, kulia. Niliwahi. Kwa mbinde, ila niliwahi.

Ningeishia hapo heshima yangu ingebaki. Lakini nimetoka chooni mwili mwepesi nikawa nalifikiria lile kumbatio, maana mimi ndo wa kubembeleza watu kila siku, mi nani ananibembeleza? Nikamkabidhi mtoto kwa baba yake, nikasema nimesahau kitu nakuja, nikarudi kwenye foleni peke yangu. Nyuma yangu kuna baba mzima, ndevu mpaka kifuani, naye hana mtoto wowote, kashika kidaftari cha kusainiwa. Tukaangaliana, hakuna wa kumsema mwenzie.

Zamu yangu ikafika. Mickey akanitazama, kitu cha kwanza akanyoosha kidole kulia, chooni. Nikatikisa kichwa. Ndo akafungua mikono.