Mtaalamu hujibu alichoulizwa

Habari inasema familia imefungua jalada la jinai baada ya mgonjwa kufariki siku chache baada ya upasuaji, na sasa inalalamika kwamba ripoti ya madaktari wataalamu wanaopitia matibabu hayo inachelewa. Mara nyingi kinachokwamisha ni faili pungufu. Mtaalamu anayepitia anahitaji fomu ya ridhaa, chati ya dawa, karatasi ya nusu kaputi inayoonyesha mapigo ya moyo na oksijeni, maandishi ya wauguzi wa zamu ya usiku (dalili za mwanzo huwa humo), na picha za CT (eksirei ya kompyuta) zenyewe, si maelezo yake tu. Kama kumbukumbu ziko kwenye kompyuta, iombwe pia historia ya mabadiliko: nani aliandika nini, saa ngapi. Mwili nao usitiwe formalini (dawa ya kuhifadhi maiti) kabla ya uchunguzi, maana huvuruga vipimo vya sumu na dawa.

Halafu kuna swali lenyewe. Polisi wakiuliza "daktari ana hatia?", hapo wamekosea mlango, hilo ni la hakimu. Wamuulize mtaalamu: daktari wa fani hiyo, kwa vifaa na taarifa zilizokuwepo saa ile, angefanya nini? Na je, kama hayo yangefanyika, mgonjwa angepona? La pili ndilo gumu, kwa sababu sepsisi, kwa mfano (maambukizi yanayofanya mwili uharibu viungo vyake), huweza kuua hata ikitibiwa ipasavyo. Chini ya sheria za mfumo wa Kiingereza, jinai ya kuua kwa uzembe kwa kawaida hudai uzembe uliokithiri. Ulio chini ya hapo mara nyingi ni wa madai ya fidia au baraza la madaktari.

Na faili la uzazi asipewe daktari wa mifupa.